Mita Mbili na Nusu, Kasoro Kidole

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya simu,
ofisi ya mipango, ghorofa ya pili,
mvua ya Wales ikigonga kioo tangu Oktoba,
na kuwaambia watu kwamba hawanihitaji.

Kibanda cha baiskeli? Jenga.
Uzio usiozidi mita mbili? Simamisha.
Ila ukipakana na barabara ni mita moja tu,
hapo ndipo tunapoanza kuandikiana barua.
Vigae vipya, rangi ileile ya jiwe jeusi?
Ezeka, bwana, wala usinitumie picha.

Bi Gwenllian Prosser hupiga kila Jumanne,
saa nne na dakika kumi, akishalisha kuku.
Mara ya kwanza aliulizia kibaraza cha mlango wa mbele.
Nikamsomea: eneo mita tatu za mraba, kimo mita tatu.
Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.
"Humo zinaenea jozi ngapi za mabuti?"
Kanuni haisemi habari za mabuti, nikamjibu.
"Basi ina upungufu," akasema, akakata.

Jumanne iliyofuata, kamba ya kuanikia nguo.
Kisha bakuli la mawe la ndege kuogea.
Kisha benchi.
"Na likikaliwa na mtu mmoja tu?"

Dilwyn, mwenzangu wa meza ya pili,
akawa anakonyeza simu ikilia: Mchumba huyo.
Nami, haba na haba, simu kwa simu,
nikaijua nyumba ambayo sijapata kuiona:
ngazi inayolia daraja la sita,
bomba linalogugumia kama mzee aliyenyimwa chai.

Mwezi Machi akaulizia dirisha.
La chumba cha nyuma, ghorofani.
"Nataka kuliziba. Kwa matofali."
Jibu nilikuwa nalo ulimini,
lakini nikauliza nisicholipwa kuuliza:
Kwa nini?

"Linatazama kibanda cha Ifor.
Alikijenga na kijana wetu, Macsen, kiangazi kimoja.
Mita mbili na nusu, kasoro kidole,
kwa kuwaogopa ninyi.
Kila jioni alikipima upya
kama mtoto anayesimamishwa mlangoni,
asije akawa amerefuka usiku.
Sasa Ifor yuko Capel Seion, chini ya mti wa myuu,
Macsen yuko Kanada,
na mlango wa kibanda hufunguka kwa upepo.
Nami huamka kwenda dirishani
kuona ni nani aliyetoka."

Nilifungua kitabu cha kanuni.
Kuta. Paa. Mabomba. Vyungu vya moshi.
Mlango unaojifungua haumo.
Bi Prosser, nikasema, komeo halihitaji kibali.
"Komeo?"
Komeo. Pauni nne, na skrubu zake.
Alicheka, au alikohoa; laini ilikuwa mbovu.

Jumanne ikaja, simu kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu, Dilwyn hakukonyeza.
Jumamosi nikapanda kilima kwa gari langu mwenyewe,
bila kibali cha mkuu wangu wa kazi,
kondoo wakinikagua mmoja mmoja getini.

Dirisha lilikuwa limezibwa nusu,
safu tano za matofali, zimenyooka,
na juu yake pazia la manjano likipepea nje.
Kibanda kilikuwa wazi, hakina mlango.
Mlango wenyewe ulikuwa umelazwa uani
juu ya mafungu mawili ya matofali yaliyobaki,
bawaba zikiwa bado zimeng'ang'ania ubavuni,
na juu ya mlango ameketi yeye,
na mabuti ya mwanamume, makubwa, miguuni.

Nikamwamkia. Akanijua kwa sauti.
"Kimo?" akauliza.
Nikatoa futi kamba mfukoni, nikapiga goti topeni.
Sentimita arobaini na nne.
"Na kibali?"

Nikaanza kusema.
Akasogea kidogo.